Kanuni ya Mama Egide

Mvua ilinyesha Mpanda usiku kucha, na kulipokucha barabara ya ziwani ilikuwa imekatika. Mama Egide aliipata habari hiyo akiwa kwenye varanda ya ofisi ya Wakala wa Kujitolea, anakwangua matope kwenye viatu vyake vya kanisani, na hofu ikamwingia. Hakumhofia mgeni wake, kwa maana Eufrazia alikuwa amewahi kufika jana yake na mtoto mgongoni, akalala kwake Katumba. Aliwahofia wajumbe. Wa ziwani wasipofika, kikao kitabaki na watu wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na yeye mwenyewe ni mmojawapo wa vidole hivyo.

"Kaa hapa kwenye benchi, mwanangu," alimwambia Eufrazia. "Ukiitwa, ingia. Sema kile ulichoniambia. Usiongeze, usipunguze."

"Ndiyo, mama."

Eufrazia akakaa, mtoto mgongoni, furushi la kitenge mapajani. Furushi hilo hakuliachia tangu alipofika. Hata usiku alililalia kama mto. Mama Egide alidhani ni nguo za mtoto, hakuuliza.

Hili Baraza la Ushauri la Mkoa tulieleze vizuri, maana wengi husikia jina wakadhani humo wanakaa watu wakubwa. Ni wajumbe tisa wasio na mshahara. Hukutana mara chache kwa mwaka kuushauri Wakala ni vijiji gani vipelekewe vijana wa kujitolea, hawa walimu na wauguzi waliomaliza vyuo wakakosa ajira, na vijana hao walindwe vipi huko waendako. Baraza halina meno. Haliamuru, haliajiri, halifukuzi mtu. Gari halina, na chai yake ni ya rangi. Lakini lina kitu kimoja. Likishatoa ushauri katika kikao halali, Wakala unalazimika kuujibu kwa maandishi, ama uukubali, ama ueleze kwa nini unaukataa. Katika nchi yenye washauri wengi na majibu machache, hicho si kitu cha kubeza.

Jina lake la ubatizo Mama Egide ni Candide. Alizaliwa Katumba, kwenye makazi waliyopewa wazazi wake walipokimbia Burundi mwaka sabini na mbili. Alikulia pale, akaolewa pale, akafiwa na mume pale, na duka lake la pembejeo liko palepale njiani kuelekea kanisani. Uraia aliupata akiwa mtu mzima mwenye watoto. Siku alipoteuliwa kuingia barazani, Katumba ilichinja mbuzi. Wazee ambao maisha yao yote waliitwa kwenye ofisi za serikali ili wahesabiwe tu, walimshika mikono wakamwambia kwamba sasa na sisi tumepata mahali pa kusema. Hakikuwa kiti chake peke yake. Watu walikiita Kiti cha Katumba, na kila alipopanda pikipiki kwenda kikaoni kulikuwa na mtu wa kumpungia mkono.

Wala hakukikalia kinyonge. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mzee Masele, mfugaji wa Kisukuma wa Kasokola, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya bonde. Mwaka wa kwanza tu baraza lilipata shauri la mpwa wake Masele, binti wa kujitolea aliyetaka aondolewe kijijini aletwe mjini. Masele alitoka nje kwa heshima zote, akasimama hapo mlangoni. Lakini walipohesabu kama watu wanatosha kikao kuwa halali, naye akahesabiwa kana kwamba yumo. Mama Egide akanyoosha mkono.

"Jamani, Mwenyekiti yupo au hayupo? Kama yupo, aingie tumwone anavyomtetea mpwa wake. Kama hayupo, msimhesabu."

Ukazuka mzozo wa asubuhi nzima. Shauri la mpwa likaanguka kwa kukosa akidi, na kikao kilichofuata kanuni ikaandikwa: mjumbe mwenye maslahi katika shauri atoke, na akishatoka asihesabiwe. Wajumbe waliibandika jina, wakaiita Kanuni ya Mama Egide. Masele alimnunia msimu mzima. Hata kabla ya hapo mfugaji wa Kasokola na mkulima wa Katumba hawakuwa wa kutazamana kwa jicho zuri, kwa ajili ya ng'ombe na mahindi. Kanuni ile ilitia chumvi kwenye kidonda.

Kisha Egide akafa.

Alikuwa kitindamimba wake, muuguzi, kijana wa maneno machache na kicheko kirefu. Wakala ulimpanga zahanati ya Kapalamsenga, ufukweni mwa Tanganyika. Mama yake alicheka mpaka akashika mbavu alipopata habari, kwa sababu Egide na maji walikuwa hawaivi. Kijito cha Katumba, ambacho watoto wenzake walikirukia kwa vichwa, yeye alikiingia mpaka magotini tu, tena amemshika mama yake sketi. Alipokua hakubadilika. "Mama, mimi naenda kuwatibu wavuvi," alimjibu, "siendi kuvua." Wakala ulimpa jaketi okozi la njano, kama ulivyowapa vijana wote wa vijiji vya ziwani, na maelekezo kwamba asipande chombo bila kulivaa.

Mtumbwi wa mashine ulipinduka Jumamosi moja yenye upepo, katikati ya Kapalamsenga na Karema. Wengine waliokolewa. Egide waliopoa mwili wake kesho yake, hana jaketi. Wakala ukamtuma mtu kwenda kuuliza, naye akawauliza wanaume wa ufukweni, na wanaume wakamjibu kwamba muuguzi alikuwa safarini na watu. Basi. Ikaandikwa kwamba kijana aliacha kituo chake siku isiyo ya kazi, bila ruhusa, kwa safari yake binafsi, na kwamba alikaidi maelekezo ya usalama. Ofisini Mpanda kuna ubao wa majina ya vijana waliofia kazini. La Egide halikuandikwa.

Habari ya utoro husafiri haraka kuliko ya msiba. Siku moja dukani mteja mmoja, mgeni wa pale, alikuwa akisimulia wenzake habari za kijana wa Katumba aliyetoroka kazi ya serikali akafa maji. "Wakimbizi hawaachi kukimbia," alisema, wala hakujua anayempimia mbegu ni nani. Mama Egide alimfungia mbegu zake, akamkabidhi, akaingia stoo akalia mpaka sauti ikamkauka.

Fidia hakuitaka. Angeletewa gunia la noti angelirudisha. Alichotaka ni kwamba serikali iliyomchukua mwanawe iseme alikufa akifanya nini.

Ukweli aliukuta Kapalamsenga, alipokwenda kuwashukuru watu waliomtoa mwanawe majini. Wanaume walimpokea vizuri, wakampa samaki, wakaongea mambo ya upepo. Alipoaga ndipo mwanamke kijana mwenye mtoto mchanga alipomfuata nyuma ya nyumba, akamwambia kwa kunong'ona. Ndiye Eufrazia. Siku ile mtoto alikuwa amemlalia vibaya tumboni, barabara haipitiki, na muuguzi akakata shauri kumsindikiza kwa mtumbwi kwenye kituo cha afya cha Karema. Kwao pale ufukweni, wanaume hawamtaji mwanamke aliye katika uchungu mbele ya mtu wa kuja, mpaka mtoto atolewe nje ya nyumba. Wakasema "safari," na kijiji kizima kilijua ni safari ya namna gani. Mtu wa Wakala hakujua. Alipofika, Eufrazia alikuwa bado yumo ndani na mtoto wake, na hakuna aliyemwambia kuwa yupo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyesema uongo, na uongo ukaandikwa.

Mjumbe mmoja, katekista Telesfori, ndiye aliyeomba shauri liletwe barazani. Na kikao cha leo kilikuwa cha mwisho. Muda wa baraza ulikuwa unakwisha wiki hiyohiyo. Lini Dodoma itateua jingine, hakuna aliyejua, na Wakala ulikwishasema kwamba mwezi ukiisha bila ushauri tofauti, jalada la Egide linafungwa.

Walifika watano. Masele alikaa kichwani mwa meza, kofia yake ya pama juu ya goti. Telesfori alikuwa na makoti mawili kwa baridi. Bi Hana, mwenye mgahawa pale Sitalike, alikuwa ameondoka kwake alfajiri akajaa matope mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Mwalimu Sylvanus, mstaafu, alikuwa tayari amefumba macho. Wa tano ni Mama Egide. Katibu alikuwa Jeniffer, ofisa kijana wa Wakala, ambaye huandika ya kikao lakini hapigi kura.

"Mko watano kati ya tisa," alisema Jeniffer. "Akidi imetimia." Halafu akainamisha kichwa, kwa sababu kila mtu mle ndani alijua itatimia mpaka wapi.

Walisali, wakapitisha mambo madogo. Ilipofika zamu ya shauri, Mama Egide akasimama.

"Mwenyekiti, shauri linalofuata ni la mwanangu. Natangaza maslahi yangu."

"Tumesikia," alisema Masele. "Kaa."

"Kanuni inasema nitoke."

"Ukitoka tunabaki wanne. Wanne kati ya tisa si akidi. Shauri linakufa hapa hapa."

Bi Hana akadakia, "Si asimame tu pale mlangoni? Tutamhesabu, tena—" Wote walikumbuka. Mama Egide alimtazama Masele, akajikaza. Alikuwa anangoja lile neno ambalo mtu yeyote angelisema katika nafasi yake, neno alilokuwa na haki nalo tangu siku ile ya mpwa wake. Angelisema, asingemlaumu.

Masele hakulisema. Aliigeuza kofia yake gotini, akaigeuza tena.

"Mayu," alisema, kwa lugha ya kwao anayomwitia mama yake mzazi, "kaa hapo kwenye kiti chako. Usiseme kitu. Tutaongea sisi, wewe tutakuchukulia haupo. Nani atajua? Humu tumo sisi tu, na wote tuna watoto."

Lo, jinsi alivyotamani kukaa! Kiti kilikuwa palepale nyuma ya magoti yake. Alihuzunika, akashukuru, akaona aibu, vyote kwa pamoja. Huyu mtu aliyemnunia msimu mzima sasa anampa zawadi ambayo yeye hakumpa.

"Jeniffer," alisema, "Dodoma wakitaka kujua nani alikuwepo, utaandika nini?"

Binti wa watu akaweka kalamu chini. "Nitaandika waliokuwepo, mama. Siwezi kuandika vingine."

"Na wakiona mama wa marehemu alikuwa mezani?"

"Watasema kikao hakikuwa halali. Hawatalazimika kujibu."

"Basi mmesikia nyie wenyewe."

"Tuahirishe," alisema Telesfori. "Barabara ikifunguka, wenzetu waje."

"Mpaka lini, Katekista?" alijibu Masele, na ile sauti ya bondeni ikarudi. "Jumatatu baraza halipo! Utakaa na nani? Na viti?"

Mvua ilikuwa imerudi kwenye bati. Mama Egide alibaki amesimama, mkono juu ya mgongo wa kiti, na hapo ndipo wazo lilipomjia, akalichukia tangu lilipotia mguu.

"Mwalimu Sylvanus, nisomee pale penye akidi. Polepole."

Mwalimu akafumbua macho, akavaa miwani, akasoma. Akidi itakuwa nusu ya wajumbe walio madarakani, au zaidi.

"Walio madarakani," alisema Mama Egide. "Kama tungekuwa nane madarakani, nusu yake ni ngapi?"

"Nane?" Mwalimu akacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali la darasa la kwanza. "Nne." Halafu kicheko kikamfia mdomoni.

Masele alikuwa ameshaelewa. "Hapana," alisema. "Mama Egide, hapana."

"Jeniffer, mjumbe akijiuzulu, inaanza lini?"

"Barua ikifika mkononi mwa Mwenyekiti, mama." Alisema kwa sauti ya chini sana.

"Nipe karatasi."

"Sikiliza kwanza," alisema Masele. Alikuwa amesimama sasa, na mtu yule akisimama chumba hupungua. "Hicho ni Kiti cha Katumba. Mimi ni mtu wa kuja kama wewe, nilikuja na ng'ombe kutoka kaskazini, najua kiti ni nini. Ukikiacha leo, hujui baraza jipya watampa nani. Watu wako watasema nini?"

"Watasema mengi. Nitawasikia, si niko dukani."

"Mmekaa miaka yote hiyo bila kiti."

"Tulizoea kusimama, Mwenyekiti."

Alijibu hivyo kwa mkato, lakini tusimpambe. Iliuma. Aliwaona wale wazee na mbuzi wao. Alimwona mama yake mzazi, aliyekufa kabla ya uraia, aliyekuwa akivua viatu kila anapoingia ofisi ya serikali ingawa hakuna aliyemwagiza. Watu wengi walikuwa wamekikalia kiti hicho ndani yake, naye sasa anawainua wote bila kuwauliza, kwa ajili ya mtoto mmoja, wake. Hakuwa na hakika kama ni haki. Alikuwa na hakika tu kwamba hawezi kurudi dukani kumpimia mtu mbegu ikiwa alikaa kimya kwenye kiti hicho siku jina la Egide lilipofungiwa.

Aliandika mistari miwili, akatia sahihi. Akaizunguka meza na kumpa Masele kwa mikono miwili. Masele hakunyoosha mkono.

"Pokea, Mzee Masele."

Hakuwahi kumwita hivyo barazani. Siku zote alimwita Mwenyekiti, tena kwa ukavu. Mzee akaiweka kofia mezani. Akaipokea karatasi kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kama mtu anayepokea mkono wa pole msibani. Mama Egide akachukua mkoba wake, akatoka. Nyuma yake alimsikia Jeniffer akisema, "Mko wanne kati ya wanane. Akidi imetimia," na Masele akiagiza aitwe mwananchi mwenye taarifa.

Varandani Eufrazia alifungua mbeleko. "Nishikie, mama."

Kabla Mama Egide hajajibu, mtoto alikuwa mikononi mwake. Eufrazia akaliokota furushi lake, akalikumbatia kifuani, akaingia nalo. Mlango ukafungwa.

Ni mtoto wa kike, mzito kwa umri wake, mwenye nyusi za kukasirika. Mama Egide hakuwa amempakata bado. Jana jioni kila alipopewa alipata kazi ya kufanya: mara chai inachemka, mara kuku hawajafungiwa. Aliogopa. Aliogopa kwamba akimshika atamchukia, kwamba atamtazama usoni na kuuliza kwa nini huyu yuko hapa ananyonya kidole na Egide yuko chini ya udongo wa Katumba. Sasa hakuna chai wala kuku. Mtoto akamtazama. Akashika mnyororo wa rozari yake, akauvuta kuelekea mdomoni kwa nguvu ambayo mtu hakuitarajia.

"We," alisema Mama Egide. "Hicho hakiliwi."

Kutoka ndani zilikuja sauti bila maneno. Alimsikia Eufrazia akiongea kidogo kidogo, akinyamaza, akiongea tena, na hata Masele, ambaye hajui kunong'ona, akiuliza kitu kwa sauti ya chini. Mambo ya saa ya mwisho ya mwanawe yalikuwa yakisemwa nyuma ya ubao mwembamba, na katika mji mzima wa Mpanda yeye ndiye mwenye haki nayo kuliko wote, na yeye ndiye asiyeruhusiwa. Tena kwa kanuni yake mwenyewe. Angesogeza sikio kidogo tu angesikia. Alisimama pale kwa muda, mtoto begani. Kisha akaondoka akaenda mwisho wa varanda, mahali ambapo mvua inayomwagika kutoka kwenye bati inameza kila kitu, akambembeleza mtoto kwa wimbo wa Kirundi aliodhani ameusahau.

Alikuwa bado anaimba mlango ulipofunguliwa. Masele alitoka kichwa wazi.

"Bibi Candide, mwananchi wa Katumba," alianza, kwa utaratibu, kama anasoma. "Baraza limekubaliana, na hakuna aliyepinga, kuushauri Wakala kwamba marehemu Egide alifia kazini akimsindikiza mgonjwa, na kwamba jina lake liandikwe ubaoni pamoja na wenzake. Wakala utajibu. Katibu anasema haoni watapinga kwa lipi."

"Nashukuru, Mwenyekiti."

"Barua yako nimeipokea. Siwezi kukurudishia."

"Ungenirudishia ningekushangaa."

Masele alitakiwa aondoke sasa, lakini hakuondoka. Macho yake yalikuwa mekundu na hakujaribu kuyaficha. "Mayu," alisema, "ulizaa mtu." Akageuka haraka akarudi ndani, asije akaonekana zaidi ya hapo.

Mama Egide hakumwelewa. Mlango ulikuwa wazi, na kupitia hapo aliiona meza. Kitenge cha furushi kilikuwa kimefunguliwa, kimetandazwa mbele ya kiti chake kitupu, na juu yake kulikuwa na kitu cha njano.

Eufrazia alikuwa amesimama kando yake. "Kuna kitu nilikuficha, mama."

"Jaketi."

"Alinivalisha mimi. Nilipotolewa majini nilikuwa nalo, nikajifungua nalo mwilini pale ufukweni Karema. Nikaliweka chini ya kitanda. Niliogopa watasema nimeiba mali ya serikali. Na wenzetu mle mtumbwini wangelitajaje, bila kunitaja niliyelivaa?" Alikuwa anaongea kwa kasi, kama anayeogopa kukatizwa. "Na wewe nilikuogopa. Niliogopa utasema ningekataa. Nilikataa, mama! Nilimwambia avae yeye. Upepo umeshakuwa mkali, yeye ananifunga kamba huku anacheka. Akasema, 'Dada, wewe vaa, mimi najua kuogelea.'"

Mvua ilikuwa imepungua. Ndani walikuwa wanasogeza viti.

"Wavuvi wanasema pale si mbali na nchi kavu," Eufrazia aliendelea. "Wanasema anayejua kuogelea angefika. Silali, mama. Namwogesha huyu mtoto nawaza hilo hilo. Alikuwa anajua kuogelea, si ndiyo?"

Mama Egide alimwona mtoto wa kiume ndani ya kijito, maji mpaka magotini, vidole vimeng'ang'ania sketi yake. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kutokubali kitu kisemwe tofauti na kilivyo. Kwa ajili hiyo alikuwa amegombana na wakubwa, na kwa ajili hiyo, muda mfupi tu uliopita, alikuwa ametoa kiti cha watu wake. Alimtazama yule mwanamke kijana, aliyesafiri njia yote ile na jaketi chini ya kichwa, anayengoja jibu lake.

"Alikuwa anajua," alisema. "Tangu mdogo. Ni upepo tu ulikuwa mkali siku ile."

Eufrazia alishusha pumzi ndefu, akajifuta uso kwa viganja. Kisha akanyoosha mikono ampokee mtoto.

"Mwache kwanza," alisema Mama Egide. "Ndiyo kwanza amelala."